Fundi Aliyekataa Kufunga Injini

Vipuri vyote vilikuwa mezani. Krenki mpya ndani ya karatasi yake yenye mafuta, beringi katika vijisanduku, pistoni nne, ringi, gasketi, pampu ya oili, mkanda wa taimingi. Mwenye gari alisimama pembeni ameshika risiti, maana alitaka ionekane kwamba hakubakisha kitu. Fundi alikagua kimoja baada ya kingine, akarudisha kila kitu mahali pake, akafuta mikono.

"Hii siifungi leo."

"Kwani kumekosekana nini, fundi?"

"Hakuna kilichokosekana. Ila sijajua hii ya kwanza ilikufa kwa nini."

Mwenye gari alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumwombea. Sikuwa na la kusema. Ilikuwa Jumamosi, kwenye gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, na tangu siku hiyo maneno ya fundi yamekataa kunitoka. Nimeyabeba kwenye foleni ya magari, nimelala nayo, nimeamka nayo. Nayaandika hapa niyatue.

Swali lisilo na risiti

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI, injini ya EJ20 yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Lilinunuliwa hapa hapa nchini kutoka kwa mtu, likatembea vizuri miezi kadhaa, kisha likaanza kugonga injini ikishapata moto, hasa ukiachia mafuta kwenye mteremko. Aliyesimama nje alisikia mngurumo wa Subaru tu. Mngurumo ule tunaoupenda hutokana na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu, na mara nyingi ndio unaoficha mlio wa beringi mpaka mambo yawe yameshaharibika.

Injini iliposhushwa na bloku kufunguliwa, jibu la haraka lilionekana. Beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, kwenye silinda ya tatu ilikuwa imeliwa hadi chuma cha mgongo, na krenki yenyewe, mhimili unaozungushwa na pistoni, imechubuka. Gereji nyingi zingeishia hapo: imekufa beringi, weka beringi, imechubuka krenki, weka krenki.

Lakini beringi haifi bila sababu.

Injini ikiwa nzima, krenki haigusi beringi, vile vibati vinavyoizunguka, hata kidogo. Inaelea juu ya utando wa oili. Kwenye EJ20 shingo ya krenki inayoshika konrodi ina kipenyo cha milimita 52, na kanuni ya zamani ya wajenzi wa injini za nguvu ni nafasi ya elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo. Piga hesabu, utapata takriban milimita 0.05. Katika upenyo huo oili inabeba kishindo cha kila mwako, injini ikizunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. Na EJ, familia ya injini za Subaru ambayo EJ20 imo, ni injini fupi: pistoni zinalala mbili huku na mbili kule, krenki ni fupi, kwa hiyo hata beringi zake ni nyembamba kwa upana. Haina akiba kubwa ya kusamehe.

Basi ikifa, kuna kitu kiliuvunja utando ule. Pengine oili haikufika. Pengine ilifika ikiwa chafu, au imepungua uzito kwa joto au kwa petroli iliyovuja ndani yake. Pengine nafasi ilikosewa siku injini ilipofungwa. Pengine mafuta yalikuwa yakilipuka kabla ya wakati na kuitwanga beringi kama nyundo. Kila sababu ina tiba yake, na hakuna risiti hata moja pale mezani iliyotaja sababu.

Upande wa mwenye gari

Nataka niwe mkweli kuhusu upande wa pili, kwa sababu nao una uzito.

Huyu si mtoto wa tajiri. Ni mtu wa mshahara, na vipuri vile alivinunua kwa mkopo wa SACCO. Alikuwa akipanda matatu kwenda kazini huku gari likiwa juu ya mawe. Nusu ya marafiki zake walishamwambia aachane na habari ya kufungua mashine: akanunue injini iliyotumika kutoka Japani, ifungwe kwa siku mbili, maisha yaendelee. Bei haikuwa mbali na ile ya vipuri alivyokwisha kununua.

Na kuna jambo lililonisumbua kuliko hilo. Injini ikishanoki, ushahidi mwingi huharibika pamoja nayo. Fundi anaweza kutafuta wiki mbili asipate kitu. Je, uangalifu wake ni wema kwa mteja, au ni kiburi cha kazi ambacho mteja ndiye anayekilipia kwa nauli ya matatu na riba ya mkopo?

Fundi naye hakuwa akifaidika. Injini iliyolala inakula nafasi, na hakuna anayemlipa kwa kuitazama. Kama angeifunga Jumamosi ile, Jumatatu angekuwa na pesa yake mfukoni.

Hilo ndilo lililonifanya nimsikilize.

Beringi zinavyosimulia

Nilirudi gerejini siku iliyofuata. Alikuwa amepanga beringi zote za zamani juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, za juu juu, za chini chini. Akanipa tochi.

"Angalia zile ambazo hazijafa."

Kila mtu huangalia iliyokufa. Lakini iliyokufa imeshasagika na haina la kusema. Beringi inapokosa oili hubadilika rangi kwa joto, uso wake hupakaa na kuvutika upande mmoja. Hizi hazikuwa hivyo. Hizi zilikuwa na mikwaruzo myembamba iliyozunguka na krenki, mistari kwa mistari, na ndani ya mistari vidoa vinavyong'aa vilivyozama kwenye madini laini. Zote zilikuwa hivyo. Za konrodi, za krenki, za silinda zilizokuwa zikifanya kazi bila tatizo lolote.

Kwa hiyo ilikuwa uchafu. Oili ilifika, lakini ilifika ikiwa imebeba chuma.

Hapo akaziondoa sababu nyingine moja moja. Pistoni hazikuwa na ufa kati ya ringi ya kwanza na ya pili, mahali ambapo EJ ya tabo huvunjika mafuta yakilipuka kabla ya wakati. Plagi zilikuwa safi, hazina vitone vya alumini. Suala hili kwetu si la kupuuza: STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani (kipimo cha kustahimili kulipuka kabla ya wakati) inayokaribia 100, na ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Pia Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kujaza kile ambacho ingejaza kirahisi ukiwa Mombasa. Mtu akiongeza presha ya tabo bila kupanga upya programu ya injini, pistoni ndizo hulipa. Hizi zilikuwa nzima.

Kisha akageuza beringi mgongo. Ilikuwa imepigwa chapa ya 0.25.

Maana yake krenki ile ilishachongwa robo milimita na kuwekewa beringi nene zaidi. Injini ambayo mwenye gari aliuziwa kama haijawahi kuguswa ilikuwa imeshafunguliwa. Fundi akampigia simu aliyemuuzia mwenye gari. Baada ya kuzungukazunguka yule bwana akakubali: ndiyo, iliwahi kugonga, ikafanyiwa ovaholi mahali fulani, ikapona.

Haikupona.

Kitambaa cheupe

Kwenye EJ ya tabo kuna kifaa kidogo kati ya bloku na filta, kipoozeo cha oili. Maji ya rejeta yanapita upande mmoja wa vijibati vyembamba, oili upande mwingine. Kwa nje ni kopo tu la chuma. Watu wengi wanaofungua injini hukifuta, wakakipuliza kwa hewa na kukirudisha.

Fundi alikijaza petroli, akakitikisa, akaimwaga juu ya kitambaa cheupe. Vikatoka vipande vidogo vinavyometa. Akajaza tena, vikatoka tena. Akaendelea hivyo mpaka akachoka, na kila mara kitambaa kilipata vimulimuli vipya. Akapitisha sumaku juu yake: baadhi vikarukia sumaku, vingi vikabaki. Vilivyobaki ni madini ya beringi, ambayo sumaku haiyashiki. Vilivyorukia ni chuma.

Mabaki ya kifo cha kwanza yalikuwa yamehifadhiwa humo muda wote, yakiachiliwa kidogo kidogo ndani ya injini iliyofanyiwa ovaholi.

Utauliza, kwani filta ilifanya kazi gani? Filta ina valvu ya dharura. Oili ikiwa nzito kwa baridi ya asubuhi, au filta ikiwa imeziba, valvu hiyo hufunguka ili injini isikose oili, na kwa muda huo inayopita haichujwi. Mtu anayewasha gari asubuhi na kukanyaga mafuta mara moja anaifungua valvu hiyo kila siku.

Kwenye bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye tabo kulikuwa na kichujio kidogo cha wavu. Nacho kilikuwa kimejaa nusu. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya oili inayopita hapo. Nayo ilikuwa kwenye foleni ya kufa.

Nilipoona kile kitambaa nilifikiria ile injini ya Japani ambayo marafiki walimshauri anunue. Ingekuja bila kipoozeo, au ingekuja nacho kikakaa pembeni kwa sababu bomba zake zimepinda, na kile cha zamani kingehamishiwa kwake. Ingekunywa uchafu uleule. Na baada ya miezi michache tungesema mashine za Japani siku hizi ni mbovu.

Sidai kwamba tulifika mwisho wa jambo. Bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, lilikuwa na mstari karibu na maungio yake, na mabomba hayo ya EJ yanajulikana kwa kupasuka hapo hapo. Yakipasuka pampu hufyonza hewa. Mimi niliona ni mkwaruzo tu. Fundi hakubishana, aliliweka kando na kuagiza jipya. Yamkini sababu zilikuwa mbili zikisaidiana. Kilichonituliza ni kwamba zote mbili ziliondolewa kabla ya kufunga.

Kilomita 100,000 bila kupumzika

Hapa kwetu kuna imani kwamba EJ ni injini dhaifu iliyoumbwa ife. Siikubali.

Mwezi Januari 1989 Subaru walipeleka Legacy zenye injini hiyo ya familia ya EJ, zenye tabo, kwenye uwanja wa majaribio wa Arizona, Marekani. Ziliendeshwa usiku na mchana kwa siku 19, zikisimama kwa ajili ya petroli, dereva na matengenezo tu, zikamaliza kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Ni injini hiyo hiyo ambayo kizazi chake kilimpa dereva Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, kwenye barabara zetu hizi hizi zenye vumbi na mawe.

Tofauti kati ya injini zile na ile iliyokuwa sakafuni Industrial Area ni watu waliozizunguka. Timu ya mashindano hufungua injini kwa ratiba, ikiwa bado hai. Wanajua imefanya kazi saa ngapi, oili ya mwisho ilikuwa na nini ndani yake, kila shingo ya krenki ilipima kiasi gani. Hawangoji mlio.

Sisi huanza kuijua injini siku inapogonga.

Kaunta buku

Fundi ana kaunta buku lenye jalada gumu. Kabla ya kufunga alipima kila shingo ya krenki mpya kwa maikromita, mara mbili, kwa pembe mbili tofauti, kwa sababu shingo inaweza kuwa na umbo la yai kidogo na jicho lisione. Akafunga konrodi na beringi zake zikiwa tupu, akakaza bolti kama zitakavyokazwa siku ya mwisho, ndipo akapima tundu. Akatoa moja kwenye nyingine. Akaandika.

Niliuliza kwa nini asitumie ule uzi wa plastiki unaobanwa ukapimwa upana. Alisema anautumia kujihakikishia tu, baada ya kujua jibu.

Krenki ilikuwa mpya, beringi mpya, vyote vya saizi ya kiwandani. Hata hivyo konrodi moja ilitoa nafasi ndogo kuliko nyingine tatu. Akahamisha beringi kati ya konrodi, akapima tena, mpaka zote nne zikakaribiana. Saa nzima ilipita kwa ajili ya mikroni chache. Hakuna mteja ambaye angeona tofauti kwa macho, na hakuna ambaye angejua kama angeacha.

Kuna kitu cha EJ ambacho hunifurahisha kila nikikiona. Bloku ni nusu mbili zinazofungwa zikiishikilia krenki katikati. Ukishazifunga, pini za pistoni unazipenyeza kupitia matundu yaliyoachwa kwenye bloku, na vile vipini vya kuzizuia unavifunga humo humo, kwa kupapasa. Fundi hazungumzi wakati huo. Redio inazimwa. Kipini kimoja kisipokaa sawa kitatoka na kuchana silinda.

Nani analipia kupima

Bili ilipoandikwa ilikuwa na vipuri, kuchonga silinda, na "kufunga injini". Nikamuuliza: siku zile za kutafuta ziko wapi? Kile kitambaa, yale maikromita, zile simu?

"Hiyo hakuna mtu analipa."

Hili ndilo limenikera wiki zote hizi. Kazi iliyookoa injini ndiyo pekee ambayo haimo kwenye bili. Tunalipia chuma kwa sababu tunakiona. Tunalipia kufunga kwa sababu gari linatoka likinguruma. Muda wa kutafuta sababu tunauita kuchelewesha, na fundi anayeuchukua tunamwambia ana maringo, kisha tunampelekea gari yule anayemaliza Jumatatu.

Ukimlipa fundi kwa kufunga peke yake, unamfundisha afunge haraka. Hata aliye mwaminifu ana ada ya shule na kodi ya kibanda.

Nilimwambia aandike mstari mpya kwenye bili: kupima na kutafuta chanzo. Alisita. Mwenye gari ndiye aliyesema uandikwe. Alilipa, na aliomba apewe nakala ya kurasa zile za kaunta buku zikae kwenye gari pamoja na kitabu chake. Siku akiliuza, mnunuzi atajua injini ilifungwa kwa vipimo gani.

Wewe mwenye gari la tabo unayesoma hapa: kabla ya kuuliza kufunga ni pesa ngapi, uliza kupima ni pesa ngapi, na umlipe kivyake. Akikuambia haina haja, mshukuru, uondoke.

Saa ya kwanza

Plagi zilitolewa, nozeli zikazimwa umeme, stata ikazungusha injini mpaka geji ya presha ikapanda. Hapo ndipo plagi zikarudishwa ikawashwa. Oili ilikuwa ya madini, ya kawaida, kwa ajili ya kuizoesha injini mpya tu. Haikuachwa ikinguruma mahali pamoja nusu siku, kama wengi wanavyofanya kwa kudhani wanaionea huruma. Ringi hubanwa kwenye ukuta wa silinda na presha ya mwako, na mikwaruzo ya kuchonga huwa mipya kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo ilitolewa barabarani, gia ya tatu, ikapandishwa kwa nguvu ya wastani na kuachiwa ijishike yenyewe, tena na tena. Kisha oili ikamwagwa ikiwa bado na moto.

Filta ikakatwa kwa msumeno maalumu, karatasi yake ikatandazwa. Kulikuwa na vumbi laini la chuma, kama inavyotarajiwa kwa ringi mpya. Hakukuwa na vimulimuli vya beringi. Filta ya pili ilikuwa safi zaidi.

Sasa gari lina geji ya presha ya oili iliyofungwa mahali dereva anaiona, kwa sababu ile taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha ikiwa imekaribia kwisha kabisa, na kwa EJ hapo umeshachelewa. Oili inabadilishwa kila kilomita 5,000. Kijiti kinachomolewa kila anapojaza petroli. Mafuta hayakanyagwi kabla injini haijapata moto, na baada ya mbio injini inaachwa ipumue kidogo kabla ya kuzimwa, ili oili isiungulie ndani ya tabo.

Wiki iliyopita kijana mmoja alileta Forester, Subaru nyingine, inayogonga. Fundi alimtajia bei mbili, ya kupima na ya kufunga. Kijana aliuliza kama anaweza kuruka ile ya kwanza. Fundi akasema hapana. Hadi naandika haya bado hajajibu, na Forester iko pale uani, sampu imefunguliwa.